Maziwa Meupe Katika Kikombe Cheupe

Mwaka 2019 Garissa nzima ilikuwa ikikosea noti. Benki Kuu ya Kenya ilitoa fedha mpya mwezi Juni, sura ya rais tuliyoizoea ikaondoka, jengo la KICC likakaa mahali pake, na noti ya zamani ya elfu moja ikapewa hadi mwisho wa Septemba iwe imesharudi benki. Sokoni watu walizigeuzageuza juani. Wazee waliwaita wajukuu wawasomee. Kwa hiyo mama yangu alipoanza kumrudishia mteja mia tano mahali pa mia, hakuna aliyeshtuka. Alikuwa na meza yake ya maziwa ya ngamia karibu na Soko Mugdi tangu mimi sijaanza shule, na hesabu zake zote zilikaa kichwani: nani amelipa, nani anadaiwa tangu Ramadhani, jerikeni gani imetoka kwa mfugaji gani. "Serikali imetuvuruga macho," alisema, wateja wakacheka, na waaminifu miongoni mwao wakamrudishia zilizozidi.

Kufikia mwaka uliofuata wachuuzi wenzake walikuwa wakizitambua noti mpya hata kwa kuzipapasa. Yeye bado alikuwa akizikodolea macho. Ndipo tukaanza kununua miwani.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, si daktari. Ninayoyaandika hapa nimeyajua kwa kuuguza, kwa kuuliza na kwa kusoma usiku wagonjwa wangu wakiwa wamelala, na nimeona niyaandike kwa sababu huku kwetu Kaskazini Mashariki jicho lina mlango wake na akili ina mlango wake. Jicho hupelekwa kliniki ama duka la miwani. Akili, mtu akishapita miaka sitini, haipelekwi popote. Husemwa tu kwamba ni uzee, dua ikasomwa, mambo yakaendelea.

Kila miwani ya Mama ilikuwa na kosa lake. Hii inapinda milango, ile inaficha vitu, nyingine imetengenezwa vibaya na Wachina. Mwishowe nilimpeleka akapimwe upya kabisa. Kijana wa kliniki ya macho alimpima kwa ile chati ya E zinazotazama huku na kule, inayotumiwa kwa wasiosoma herufi za shule, maana Mama alisoma duksi tu, yaani chuo cha Kurani. E moja peke yake, hata iwe ndogo namna gani, aliionyesha kwa mkono bila kukosea: juu, kulia, chini. Alipoonyeshwa mstari mzima akapotea. Kidole kikabaki hewani, akauliza, "Unataka ipi?" Yule kijana, bila kuwaza sana, akachukua kipande cha kadibodi, akafunika nyingine zote, akabakiza moja, na Mama akaendelea vizuri. Lenzi safi. Presha ya macho sawa. Retina sawa. "Macho ya mama yako ni mazima kuliko yako, mwalimu," aliniambia, na alisema kweli tupu.

Leo ningeweza kumwambia mtu yeyote kuwa ile kadibodi ndiyo iliyokuwa kipimo chenyewe. Mtu anayeona herufi moja sawasawa lakini zikikaa pamoja zinamchanganya, tatizo lake mara nyingi haliko kwenye jicho. Jicho kazi yake ni kupokea mwanga na kuupeleka. Mwanga hupita kwenye lenzi, ukaangukia retina iliyotanda nyuma ya jicho, ukageuzwa kuwa ishara, ishara zikasafiri kwa neva ya jicho hadi kisogoni. Huko kisogoni ndiko tunakoonea. Huko ndiko ubongo unakoamua kwamba hiki ni kikombe na hii ni meza, kwamba kikombe kiko juu ya meza na si kando yake, kwamba huyu ni binti yangu. Sehemu hiyo ikianza kufa, mtu atakwambia macho yake ni mabovu, na ukiyapima utayakuta hayana doa.

Nyumbani dalili zilikuwa zimejaa, ila hakuna iliyokuja na jina lake. Mama aliweka glasi ya chai pembeni mwa stuli, ikaanguka, akailaumu stuli. Alisita mlangoni pale penye mkeka mweusi, akainua mguu juu kama anavuka shimo. Sakafu ya vigae kwa dada yangu ilimtisha kwa sababu ilimeta, naye aliona maji. Alimtafuta mwanawe uani, naye yuko mbele yake, hadi alipoongea ndipo akamtambua.

Siku moja nilimmiminia maziwa kwenye kikombe cheupe cha plastiki, nikamwekea mbele, nikaendelea kusahihisha madaftari. Akakaa, akangoja.

"Hutanipa?"

"Hooyo, kikombe kiko mbele yako."

"Nakiona. Kitupu."

Alikuwa anakitazama moja kwa moja, maziwa yakiwa yamekaribia ukingo. Nilimshika mkono nikakichovya kidole chake ndani. Akacheka, akakilamba, akasema, "Kumbe yamo." Mwanamke aliyeuza maziwa miaka yote hiyo, aliyeweza kukwambia kwa jicho tu kama yametiwa maji, hakuweza kuyaona maziwa meupe ndani ya kikombe cheupe.

Wataalamu wanalieleza jambo hili vizuri. Katika ugonjwa wa Alzheimer, ambao ndio chanzo kikubwa cha dimensia, yaani kudhoofika kwa akili kunakoletwa na ugonjwa, duniani, uwezo wa kutofautisha kitu na kilicho nyuma yake hupungua, hasa vikikaribiana rangi. Rangi zenyewe hufifia, na kukadiria umbali na kina huvurugika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston waliwahi kuwapa wagonjwa waliozidiwa vyombo vya rangi kali mahali pa vile vyeupe, na katika matokeo waliyochapisha 2004 wagonjwa hao walikula asilimia 25 zaidi na kunywa asilimia 84 zaidi. Chakula hakikubadilika, sahani ndiyo iliyobadilishwa. Nilipolisoma hilo nilikwenda sokoni jioni ileile nikanunua vikombe vyekundu.

Lakini kilichonifumbua macho zaidi ni msahafu. Kila baada ya alfajiri Mama alikuwa akisoma Surat Yasin. Nilianza kusikia anaruka mistari, anarudi alikotoka, anasoma aya ya juu akaunganisha na ya chini, kisha anaufunga msahafu kwa hasira. Nikamwomba aisome bila kitabu. Aliisoma yote, mwanzo hadi mwisho, bila kukwama hata mahali pamoja, akiwa amefumba macho. Nilikaa pale nikiwaza: aya ziko salama kifuani, jicho limethibitishwa ni zima, basi kinachovunjika kiko katikati.

Hapo lazima niwalete wasomaji kwa Abti, kwa sababu bila yeye habari hii ni nusu.

Abti ni kaka yake Mama, mkubwa wake kwa miaka mingi, na alikuwa dalali wa ngamia katika soko la mifugo la Garissa, ambalo ni miongoni mwa makubwa zaidi katika eneo hili lote. Dalali anaishi kwa macho. Ngamia akiingia kwa mbali, yeye ameshasoma chapa shingoni, amejua ni wa ukoo gani na ametoka upande gani, kabla mnunuzi hajasimamisha tuktuk. Katika miaka ileile tuliyokuwa tukihangaika na miwani ya Mama, Abti aliacha kwenda sokoni. Alikosea chapa mbele za watu, akachekwa, akakaa nyumbani. Akawa hasemi. Ukimwamkia anachelewa kujibu, kwa sababu hajui aliyemwamkia ni nani. Familia ilishahukumu kwamba akili za mzee zimerudi utotoni. Na kuhusu Mama, familia hiyohiyo ilikuwa na uhakika kwamba tatizo lake ni miwani.

Kisha Abti akaanza kuwaona watu. Alinieleza mimi peke yangu, kwa sauti ya chini, jua likiwa limetua. Walikuwa wanaume wafupi wenye vilemba vya rangi wakipita kandokando ya ukuta, na nyakati nyingine watoto wa kike waliovaa vizuri, wamekaa kwenye jamvi. Hawasemi. Akigeuza macho wanapotea.

"Abti, usimwambie mtu," alisema, maana kwetu mjomba naye humwita mpwa wake abti. "Nawaona, lakini najua hawapo."

Siri haikai kwenye boma la Kisomali. Wiki haikuisha, ikasemwa ni majini, na sheikh akaitwa aje amsomee. Namheshimu sheikh yule hadi leo. Alisoma, kisha akamwuliza maswali ambayo daktari yeyote angeyauliza: wanakusemesha? La. Wanakuamrisha lolote? La. Unawaogopa? La, ila wananikera. Sheikh akamwinua kidevu kuelekea mlangoni, kwenye mwanga, akamtazama mboni. Zilikuwa zimeingia weupe unaoonekana hata kwa asiyejua lolote. "Huyu mpelekeni kwa daktari wa macho," akasema, na posho aliyopewa akaichukua ya nauli tu.

Jambo lililompata Abti lina historia ndefu kuliko mji wa Garissa. Mwaka 1760 mwanasayansi wa Geneva, Charles Bonnet, aliandika juu ya babu yake, Charles Lullin, mzee wa miaka 89 aliyekuwa na akili timamu na macho yaliyokwisha. Mzee yule alikuwa akiona watu, ndege, magari ya farasi na majengo, vyote kimya, na alijua fika kwamba havipo. Jicho linapoacha kuleta picha za kutosha, ubongo hujichorea zake. Huo si wazimu, na peke yake si dimensia. Yapo pia mauzauza yanayoletwa na ugonjwa wenyewe wa ubongo, hasa aina ya dimensia inayoitwa ya Lewy, ambayo huambatana na kutetemeka au kukakamaa mwili na akili inayopanda na kushuka siku kwa siku. Ndiyo maana mzee anayeona wasioonekana apelekwe akapimwe, macho kwanza, kisha mengine. Nyumbani tungeyatofautisha vipi?

Mtoto wa jicho ndiye anayeongoza kwa kupofusha watu Kenya na duniani, na tiba yake ni operesheni fupi: lenzi iliyoingia ukungu inatolewa, ya plastiki inawekwa. Abti alifanyiwa jicho moja kwanza kwenye kambi ya macho. Kesho yake bandeji ilipofunguliwa alinitazama kwa muda, akasema, "Kumbe umezeeka hivi!" Wale wanaume wa vilemba wakaanza kupungua, kisha wakatoweka kabisa. Baada ya jicho la pili alirudi chini ya mti wa madalali, akaanza tena kubishana na kila mtu kuhusu bei, na hadi leo hajaacha. Majina ya watu anasahau, kama mzee yeyote. Lakini yule mzee aliyekaa kimya kama aliyezikwa akiwa hai hatumwoni tena.

Nilitafuta kujua kama kisa chake ni bahati tu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, waliwafuatilia watu 3,038 wenye umri wa miaka 65 na zaidi, waliokuwa na mtoto wa jicho au glakoma na ambao walipoanza kufuatiliwa hawakuwa na dimensia. Waliofanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho walipata dimensia kwa kiwango cha chini kwa takriban asilimia 30 kuliko wasiofanyiwa. Mtu mkaidi atasema: aliyekubali kupasuliwa pengine alikuwa na afya njema na fedha tangu mwanzo. Hoja nzuri. Ila watafiti waliwaangalia pia waliofanyiwa operesheni ya glakoma, ambayo huzuia madhara yasiendelee lakini hairudishi kuona, nao hawakupata nafuu hiyo. Mwaka 2024 tume ya jarida la Lancet inayoongozwa na Gill Livingston iliongeza upofu na uoni hafifu usiotibiwa katika orodha yake ya mambo 14 yanayochangia dimensia na yanayoweza kuepukwa au kupunguzwa. Kwa hesabu yao, kama yote 14 yangeondolewa duniani, karibu asilimia 45 ya dimensia ingezuiwa au ingecheleweshwa. Sehemu ya macho ni ndogo, asilimia 2 tu. Mimi, kwa mtazamo wangu wa mwalimu, naamini kwetu ni kubwa zaidi, maana hesabu ile ni ya dunia nzima, na dunia nzima haikai miaka kadhaa na mtoto wa jicho ikingoja kambi ipite.

Mama alihitaji safari nyingine. Madaktari wa ubongo wako Nairobi, nasi tuko kilomita kama 370 kutoka huko, kupitia Mwingi na Thika. Basi likishavuka daraja la Tana, abiria hushuka, wanapanga mstari, wanaonyesha vitambulisho. Mtu wa bara anaweza kulisoma hilo kama jambo dogo. Kwetu, asiye na kitambulisho mkononi hana jibu. Mama alifungua pochi yake, akaitazama ndani kwa muda mrefu, akatoa kadi akampa askari. Kijana yule aliigeuza mbele na nyuma. Ilikuwa ya rangi ya waridi, imechakaa pembe zote, kadi ya ukaguzi waliyopewa Wakenya wenye asili ya Kisomali baada ya msako wa 1989, ili wathibitishe kwamba nchi ni yao. Sikujua kama bado alikuwa nayo. Pengine askari mwenyewe alikuwa hajazaliwa ilipotolewa.

"Mama, hii ni nini?"

"Ndiyo mnayotaka," alimjibu. "Nilipanga foleni siku nzima kuipata."

Kitambulisho chake cha kawaida kilikuwa kwenye pochi ileile, juu kabisa, na hakukiona. Lakini miaka thelathini ya nyuma aliiona vizuri. Dimensia mara nyingi huchukua ya jana kwanza na kuacha ya zamani hadi mwisho, na kwa mwanamke wa Garissa ya zamani ni foleni ile. Askari akamrudishia kadi kwa mikono miwili, akasema, "Panda, mama."

Daktari wa Nairobi alikuwa mpole, ila vipimo vyake vilitengenezwa kwa ajili ya watu wengine. Alimwambia achore saa. Mama hakuwahi kushika penseli maishani ila kwa kuandika namba za simu. Akamwuliza tarehe, naye akajibu kwa kalenda ya Kiislamu, na mimi ndiye niliyelazimika kuthibitisha kwamba hakukosea mwezi. Akaambiwa ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Alitaja ngamia wa maziwa, ngamia mwenye mimba, ngamia aliyeachishwa, ngamia dume wa mizigo, ngamia dume wa mbegu, ngamia mzee asiyezaa, akaendelea hivyo hadi dakika ikaisha. Daktari akaniangalia, hajui aandike moja au kumi. Tulicheka sote watatu, kisha akaandika kumi.

Kilichosema ukweli ni vile vipimo visivyotaka shule. Aliwekewa picha za vitu vilivyolaliana, kikombe juu ya ufunguo juu ya jani, akaona jani tu. Akaambiwa ahesabu nukta zilizotawanyika kwenye karatasi, akazihesabu tena zilezile. Akaambiwa ashike kalamu iliyo mbele yake, mkono ukapita kando. Picha ya ubongo ilionyesha kuwa sehemu ya nyuma, upande wa kisogo, imesinyaa kuliko nyingine. Hii ni namna ya Alzheimer inayoanzia kule tunakoonea, iliyoelezwa kitabibu na Frank Benson na wenzake mwaka 1988. Mara nyingi huwashika watu wakiwa na miaka hamsini na kitu au sitini na kitu, mapema kuliko Alzheimer ya kawaida, na kumbukumbu hubaki imara kwa muda. Mwandishi wa riwaya wa Uingereza, Terry Pratchett, alitangaza Desemba 2007, akiwa na miaka 59, kwamba anayo. Aliendelea kutunga kwa kuamuru maneno yaandikwe hadi alipofariki 2015. Wagonjwa wengi wa aina hii huanzia kwa muuza miwani. Ndivyo ilivyokuwa kwa Mama pia.

Dawa ya kuuponya ugonjwa huu haipo. Lakini kujua kulibadilisha nyumba. Mkeka mweusi uliondolewa mlangoni. Ukingo wa ngazi tuliupaka rangi ya njano. Taa zinawashwa kabla ya magharibi, maana giza la jioni ndilo lililomchanganya kuliko usiku wenyewe. Jamvi la maua mengi likabadilishwa na la rangi moja, na vitu vyake vikawekwa vichache, vilivyoachana, kila kimoja mahali pake. Kwenye meza ya maziwa anakaa bado, ila dada yangu ndiye anayeshika fedha. Na ugomvi uliisha. Zamani alipoweka glasi hewani tulimkemea kwamba hajali. Siku hizi anashikwa mkono.

Sasa, tangu watu wajue habari za nyumbani kwetu, simu yangu haipumziki. Natumiwa video za mtu asiye na jina akieleza kwamba ukitazama kioo utajua kama utapata dimensia. Inayopendwa zaidi ni ile ya duara la kijivu au buluu iliyopauka linalozunguka mboni za wazee. Duara hilo ni mafuta yaliyojikusanya pembeni mwa jicho. Kwa mzee ni jambo la kawaida, na kwa kijana wa chini ya miaka arobaini ni sababu ya kwenda kupima kolesteroli. Si alama ya dimensia. Kope kulegea si alama. Macho kutoa machozi kwa vumbi la Garissa si alama ya chochote ila vumbi la Garissa.

Utafiti wa kweli upo, na unanisisimua. Retina huchipuka kutoka kwenye ubongo mtoto akiwa tumboni, kwa hiyo ndiyo sehemu pekee ya ubongo inayoweza kutazamwa bila kumpasua mtu; tangu Hermann von Helmholtz alipovumbua kioo cha kutazamia ndani ya jicho mwaka 1851, madaktari wamekuwa wakichungulia humo. Siku hizi wanapima unene wa tabaka zake kwa mashine, wanaangalia mishipa yake ya damu, na wengine wanatafuta humo uchafu wa protini uleule unaoonekana kwenye ubongo wa wenye Alzheimer. Kule Norfolk, Uingereza, watu 8,623 wenye afya walipimwa wepesi wa kuona: nukta zinatembea kwenye skrini, wewe unabonyeza pindi unapoona zinaunda pembetatu. Miaka ikapita, 537 kati yao wakapata dimensia, na watafiti wa Loughborough walipochapisha 2024 walionyesha kuwa hao kwa wastani walikuwa wazito zaidi katika kipimo kile, kiasi cha miaka 12 kabla ya ugonjwa kutajwa. Ila hayo ni matokeo ya kundi. Kisukari nacho huharibu retina, glakoma nayo huila neva ya jicho, na kisukari kwetu, kwa chai tunayokunywa, ni jirani wa kila nyumba. Hakuna anayeweza leo kukutazama jichoni akakuambia una dimensia. Anayekuuzia kipimo hicho anataka fedha zako, na mimi humjibu hivyo hata akiwa binamu.

Kinachowezekana leo ni kidogo na ni cha bei rahisi. Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya milioni 55 wanaishi na dimensia, na zaidi ya nusu wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu. Nairobi kuna shirika la Alzheimer's and Dementia Organization Kenya, lililoanzishwa na Elizabeth Mutunga baada ya kumuuguza baba yake, na familia za wagonjwa hupata humo watu wa kuwauliza. Kupima macho nako hakuhitaji tena hospitali: programu ya simu ya Peek, inayotumia E zilezile, ilijaribiwa hapahapa Kenya, Nakuru, na matokeo yake kuchapishwa 2015. Mhudumu wa afya wa jamii akiwa na simu anaweza kumpima mzee akiwa amekaa mlangoni kwake, iwe Garissa mjini, Wajir au Mandera.

Kwa hiyo nina ombi kwa wanaoandaa kambi za macho katika kaunti zetu tatu. Mnafanya kazi kubwa, Abti ni shahidi. Lakini mzee anapokuja kulalamika kwamba haoni, mkampima mkamkuta mzima, msimrudishe nyumbani na pongezi. Mpeni kiti, mwiteni binti yake, mwulizeni kama anapotea njia aliyoizoea, kama anaruka mistari, kama anakosea fedha, kama anashindwa kupata kitu kilicho mbele yake. Ikiwa jibu ni ndiyo, mwandikieni barua ya rufaa kwa daktari wa ubongo, iwe na muhuri. Askari wa darajani huheshimu karatasi yenye muhuri.

Na wewe mwenye mzee nyumbani anayeitwa mtoto: kabla hujakubali jina hilo, mpeleke kwanza akapimwe macho.